Amu Mahakamani: Bandari ya Kale na Bandari ya Taifa

Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Malindi ilisoma hukumu ya ombi nambari 22 la mwaka 2012. Waliokwenda kushtaki ni watu wa Lamu, ambayo sisi wenyewe huiita Amu, chini ya muungano wa Save Lamu. Walioshtakiwa ni Serikali na idara zake, Halmashauri ya Bandari na NEMA, mamlaka ya mazingira, wakiwemo. Kilichobishaniwa ni bandari mpya ya Magogoni, upande wa bara, kwenye maji ya kisiwa cha Manda. Majaji walikubaliana na Waamu karibu katika kila jambo zito. Walisema watu hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa habari walizostahiki, mazingira hayakuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza, na serikali ya kaunti iliachwa nje. Tena utamaduni wa mji huu, ulioandikwa katika turathi za dunia tangu 2001, haukuwekewa mpango wa kuulinda na kishindo kinachokuja. Mwisho wakaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya kama shilingi bilioni 1.76.

Kilichobaki midomoni mwa watu ni hizo bilioni, na si ajabu. Lakini kesi hii mimi naiona nzito kwa sababu nyengine. Mji uliokuwa bandari karne nyingi kabla hakujakuwa na nchi iitwayo Kenya, mji uliozoea kuhesabu jamaa zake ng'ambo, Shihiri, Maskati, Kachi na Ngazija, ulisimama mbele ya mahakama ya taifa kuomba haki dhidi ya bandari ya taifa. Na ulishinda. Ninachotaka kukichambua ni sura ambayo Amu iliingia nayo mahakamani hata ikasikizwa, na nini kiliachwa mlangoni.

Bandari ya kwanza iliishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilishusha majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha kwao. Yalikuja na tende, mazulia, vitambaa na vyombo vya udongo. Yaliondoka na boriti za mikoko, pembe za ndovu, ngozi na simsim, na watumwa pia, ambao wasimulizi wetu wengi huwapita upesi. Waliokuja na majahazi hayo hawakuwa wapita njia wote. Wahadhrami walifungua maduka, Wabohora na Wahindi wengine wakashika biashara ya jumla, Wangazija wakaleta elimu. Habib Swaleh, ambaye msikiti wa Riyadha na Maulidi ya Amu hayatajwi bila ya jina lake, alizaliwa Ngazija katika ukoo wa Hadhramaut, akahamia hapa karne ya 19. Leo hakuna Muamu atakayethubutu kumwita mgeni.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mji wa mchanganyiko ulikuwa mji wa usawa. Habib Swaleh mwenyewe alikaa mtaa wa Langoni akawasomesha watumwa na watu wa chini, na wakubwa wa mtaa wa Mkomani hawakupendezwa kuona elimu inagawiwa hivyo. Palikuwa na wangwana, palikuwa na wageni, palikuwa na watumwa, na kila mmoja alijua mlango wake na daraja lake msikitini na harusini. Kuna mtindo siku hizi wa kuisifu bandari ya kale kana kwamba watu walikula sinia moja. Walikaa pamoja, ndiyo, na kila mtu akijua nani yuko juu ya nani.

Jambo jengine la kuangalia ni mamlaka. Baada ya vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Waamu walipowashinda Wapate na washirika wao Wamazrui wa Mombasa, waliukimbilia ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, kwa hiari na kwa hesabu zao. Ngome iliyo Mkunguni ikamalizwa mnamo 1821. Wajerumani walifungua posta yao hapa 1888 na kuifunga 1891, baada ya kuachiana maeneo na Waingereza 1890. Mwaka 1895 Waingereza wakaukodi mwambao kwa Sultani wa Unguja kwa pauni 11,000 kwa mwaka, bendera nyekundu ya Sultani ikabaki ikipepea. Mamlaka hayo yote yalikuwa ya mbali. Yalitaka forodha, utulivu na heshima ya bendera. Hayakuwa na haja kubwa ya kumuuliza mtu babu yake alizaliwa wapi. Swali hilo lilikuja na taifa.

Kabla ya taifa ilikuja reli. Ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Ziwa Viktoria 1901, na kuanzia hapo bandari yenye maana katika hesabu za koloni ikawa moja. Utumwa ukapigwa marufuku 1907, na mashamba ya bara yaliyolimwa kwa jasho la watumwa yakaporomoka, nayo yalikuwa sehemu kubwa ya utajiri wa wenye nyumba za mawe. Haikuhitajika mtu kuichukia Amu ili ianguke. Bidhaa zilikuwa zimeanza kwenda na njia ya chuma, na Amu haikuwa na hata kilomita moja ya njia hiyo.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, walikubaliana kwamba mwambao uingie Kenya. Waislamu wakahakikishiwa mahakama za Kadhi na uhuru wa dini. Miezi mitatu baadaye serikali ya Shamte ilikuwa imepinduliwa, na upande mmoja wa makubaliano yale ukawa haupo tena kuyadai. Vita vya shifta, uasi wa Wasomali wa kaskazini-mashariki ya Kenya baada ya uhuru, navyo viliwang'oa Wabajuni, Waswahili wa mwambao na visiwa vya kaskazini, katika vijiji vya bara kaskazini ya Lamu, wakatawanyika visiwani na mijini mpaka Malindi na Mombasa. Kisha mwaka 1982 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Mikoko ilihitaji kulindwa, sibishi. Lakini kwa nahodha wa Uarabuni, Amu bila boriti haikuwa na sababu ya kutia nanga. Miaka miwili baadaye Ngome, ambayo ilikuwa jela tangu enzi za Waingereza, ilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mji ulioishi kwa kupakia na kupakua ukaanza kuishi kwa kutazamwa.

Kwa hivyo viongozi watatu waliposimama Magogoni tarehe 2 Machi 2012, Mwai Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir, kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, Serikali haikujiona inaingia katika bandari ya watu. Ilijiona inafungua pwani iliyolala. Magati zaidi ya 20 yalipangwa, barabara, reli na bomba la mafuta kuelekea Isiolo, Ethiopia na Sudan Kusini. Tazameni uelekeo wake: kila mstari unakwenda bara. Amu ya kale haikuwa na mgongo wa namna hiyo. Bandari mpya ilikuwa ya nchi tatu zinazotafuta maji, na watu waliokuwa wakiyatumia maji hayo walitajwa kama eneo la mradi.

Hofu ya Waamu ilikuwa na miguu miwili. Mmoja ni ardhi. Wengi hapa hawana hati, na walikwisha kuona miaka ya 1970 jinsi makazi ya Mpeketoni, chini ya mpango wa Ziwa Kenyatta, yalivyowapa hati watu kutoka bara huku wenyeji wa karibu wakibaki na maneno ya mdomo. Wale walowezi nao walikuwa maskini waliotafuta pa kulima. Donda lao na letu lilichokonolewa vibaya mno Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na baada yake sote tukafungiwa ndani kwa kafyu. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti nzima na watu 143,920. Mji wa bandari wa ukubwa unaopangwa ungewameza hao kwa kizazi kimoja.

Mguu wa pili ni maji, na hapa inafaa tukaribie. Mvuvi wa dema wa Manda hatafuti samaki ovyo. Dema ni mtego uliosukwa. Unatiwa chambo, unazamishwa kwenye matumbawe, kisha mwenyewe anarudi baada ya siku kadhaa. Hauwekewi bendera ya kuwaonyesha wezi. Anaujua ulipo kwa kulinganisha alama za nchi kavu, mti huu na mnara ule, na elimu hiyo ni ya mahali pale tu, ukimhamisha, imekwisha. Halafu kuna majira. Kusi ikivuma, bahari ya nje ya mwamba inachafuka na mashua ndogo haitoki. Miezi hiyo mtu anakula kutokana na maji ya ndani, ya Manda na ya mlango wa Mkanda, yaliyojikinga. Hayo ndiyo yaliyochimbwa ili meli kubwa zipite. Matumbawe na majani ya baharini yakang'olewa, maji yakawa tope. Jawabu la wapangaji likawa kwamba wavuvi wapewe vyombo vya mashine waende bahari kuu. Kumwambia mvuvi wa dema aende bahari kuu ni sawa na kumwambia mshona kofia ashone matanga; sindano ipo, kazi siyo ile.

Mwaka huohuo wa 2012 Pwani ilikuwa na jawabu jengine mkononi. Tarehe 25 Julai Mahakama Kuu ya Mombasa iliifutia marufuku MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge, ambayo kauli yake ilikuwa "Pwani si Kenya". Hoja yao ilisimama juu ya karatasi za 1895 na 1963: kwamba mwambao ulikodishwa, haukuuzwa, na kwamba waliotia saini hawakuwa na idhini ya wenyewe. Ni hoja inayomgusa mtu wa Pwani moyoni kabla hajaifikiria. Save Lamu hawakupita njia hiyo. Hawakuuliza kama Amu ni Kenya. Walichukua Katiba ya 2010 wakasema: mmeandika humu kwamba watu washirikishwe, wapewe habari, wawe na mazingira safi, wasivunjiwe utamaduni, basi timizeni. Waliichukulia Kenya kwa maneno yake yenyewe, na mahakama ikawa haina pa kutokea.

Naona huo ulikuwa werevu mkubwa. Ulikuwa pia na bei yake.

Katiba ile ina nafasi ya jamii, ya utamaduni, ya mazingira, ya ardhi ya wahenga. Haina nafasi ya bandari kama namna ya watu kuishi. Anayetaka kusikizwa inambidi aonekane ameota hapa, ana mizizi, ana desturi za kale zinazotishiwa. Kwa mji ambao fahari yake kwa karne nyingi ilikuwa kujinasibisha na ng'ambo, na ambao koo zake zilihifadhi shajara za nasaba zinazoanzia Uarabuni, huko ni kugeuka kweli. Amu iliingia mahakamani ikiwa mji wa wavuvi wenye utamaduni. Wafanyabiashara hawakuwa na fungu lao la haki. Manahodha na mabaharia wa majahazi ya masafa hawakuwa nalo. Mafundi wa vyombo wa kijiji cha Matondoni waliingia kupitia dirisha la utamaduni, wakati kazi yao ni usafiri na biashara. Uhusiano wa Pate na Kismayu ya Somalia, ndoa na deni na jamaa pande zote mbili, haukuwa na kifungu cha sheria cha kuubeba.

Na kuna kinaya ndani yake ambacho mimi nakipenda. Katika ngazi ya zamani mvuvi hakuwa juu. Mbajuni wa Faza au Kizingitini akija na samaki mjini hakukaribishwa barazani kwa wakubwa. Mwaka 2018 yeye ndiye aliyekuwa uso wa Amu nzima, na nyumba za mawe zenye vidaka zikasimama nyuma yake. Kesi ya taifa iliipindua ngazi ambayo bandari ya kale isingeipindua yenyewe. Wanaolaumu kwamba utaifa huua miji ya mchanganyiko, na mimi mara nyingi ni mmoja wao, inafaa wahesabu na hili.

Halafu ikaja kazi ya kuhesabu watu. Ukigawa fidia ile sawasawa, kila mmoja kati ya 4,600 anapata kama shilingi 382,000. Lakini nani ni mvuvi? Mwenye chombo ambaye hajatoka baharini miaka kumi? Baharia anayepata fungu lake siku anayotoka tu? Anayezamia kamba msimu wa kaskazi, na kusi anabeba mawe? Dalali anayenunua ufukweni? Mama anayekaanga samaki jioni, ambaye siku boti zikirudi tupu naye hana chakula? Maisha ya bandari ni ya kazi kuingiliana, na orodha haikubali kuingiliana. Wengi wao, hasa wanawake, walibaki upande wa nje wa kalamu.

Orodha pia inataka kitambulisho, na kitambulisho Lamu si jambo la kuchukulia wepesi. Kwa miaka mingi waombaji wa kaunti za mpakani walipitishwa mbele ya kamati za kuwachuja, waulizwe ukoo, walete vyeti vya wazazi na wa wazazi wao, kabla ya kupewa kile ambacho kijana wa Nyeri huko bara anakipata kwa fomu moja. Februari 2025 Rais alitangaza kuufuta utaratibu huo. Kwa aliyezeeka akiitwa Mwarabu au Msomali kulingana na hasira ya anayemwita, tangazo limechelewa, lakini limekuja. Mtu huyohuyo mahakamani alikuwa mwenyeji wa asili mwenye haki za jadi, na kwenye dirisha la usajili alikuwa mtu wa kushukiwa. Zote mbili zilikuwa sauti za taifa moja.

Nimesikia Wakenya wa bara wakiuliza kama mji mdogo una haki ya kuzuia mradi wa nchi nzima. Ni swali la haki, ila Waamu hawakuomba bandari ivunjwe, na mahakama haikuivunja. Ujenzi uliendelea muda wote kesi ikisikizwa na baada yake. Tena wapo vijana wengi hapa walioitaka bandari, na waliofaidi ufadhili wa masomo ulioahidiwa pamoja nayo. Kilichogombaniwa ni nani anakaa mezani, na iwapo ukubwa wa mradi unafuta wajibu wa kuuliza. Majaji walisema haufuti. Kwa nchi ambayo miradi yake mikubwa huanza kwa utepe na kuuliza baadaye, hilo ni jambo la kukatwa na kubandikwa ukutani.

Serikali ilikata rufaa, na mambo yakaenda kwenye mazungumzo nje ya mahakama. Wavuvi wakakubali mgawo: asilimia 65 fedha taslimu, asilimia 35 vifaa na miradi ya uvuvi. Malipo yakachukua miaka, na baadhi ya waliohesabiwa walifariki kabla.

Bandari yenyewe ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021 na Rais Uhuru Kenyatta, gati la kwanza. Meli ya kwanza kutia nanga, MV Cap Carmel, ilitoka Dar es Salaam ikielekea Salalah, Oman. Barabara na reli za kwenda Sudan Kusini hazikuwa tayari, bomba la mafuta halikuwapo, na kazi iliyobaki ni makasha kushushwa hapa yakingoja meli nyengine. Njia ya Dar mpaka Oman kupitia Amu ni ileile ya majahazi. Hakuna aliyeipanga hivyo kwa kuienzi historia. Ni hesabu za makampuni ya meli. Lakini inaonyesha mpango wa kuifanya Amu mlango wa bara ulipokwama, jiografia ya kale ndiyo iliyotoa kazi ya kwanza, na katika kazi hiyo hapakuwa na chombo hata kimoja cha Muamu.

Sehemu ya kisa hiki inayonitia wasiwasi zaidi ni ile asilimia 35. Mashine na vyombo vikubwa vinamtoa mvuvi maji ya ndani, ambako kazi yake ilikuwa baina yake na matumbawe, na kumpeleka nje. Ukitoka Kizingitini kuelekea kaskazini unapita Kiunga, kisha ni mpaka wa Somalia. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilichora mstari baharini uliowapa Wasomali sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa, na Kenya ikatangaza kuwa haiutambui. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo uvuvi wa usiku ulikuwa umepigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama. Wazee wa Kibajuni walivua mpaka Ras Kiamboni na visiwa vya kule bila kujiona wametoka kwao. Mvuvi wa sasa, akiwa na mashine aliyopewa kama fidia ya bandari ya taifa, atakutana huko na doria za nchi mbili zisizokubaliana mstari uko wapi, naye atatakiwa aonyeshe karatasi. Katika mazungumzo yote ya fidia, suala la usalama wake huko halina fungu.